Faida na Mipaka ya Kupima Vinasaba vya Mbwa Chotara

Kipimo cha vinasaba humwezesha mfugaji wa mbwa chotara kutambua mbari alizotokana nazo mnyama wake na kubaini mapema kasoro za kurithi. Kipimo hicho si cha lazima kwa kila mbwa, lakini zipo hali ambazo matokeo yake yanaweza kuokoa maisha.

Sampuli huchukuliwa kwa kusugua kijiti chenye pamba ndani ya shavu la mbwa ambaye hajala muda mfupi kabla. Maabara hulinganisha vinasaba hivyo na kumbukumbu za mbari zinazojulikana. Mbwa ana jozi 39 za kromosomu, na ramani ya jenomu yake ilichapishwa mwaka 2005.

Usalama wa dawa

Sababu yenye uzito zaidi ni kasoro ya jeni iitwayo MDR1. Jeni hiyo ikiwa nzima, huzuia baadhi ya dawa zisirundikane katika ubongo. Kasoro yake ni ya kawaida kwa mbwa wa mbari ya Collie, hupatikana pia kwa baadhi ya German Shepherd, na chotara wao huweza kuirithi bila kuonesha dalili yoyote.

Mbwa wa aina hiyo akipewa kipimo kikubwa cha ivermectin, mathalani ile iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, huweza kuyumba, kutokwa na udenda, kupofuka, kupoteza fahamu na hata kufa. Loperamide, dawa ya binadamu ya kuzuia kuharisha, nayo ni hatari kwake.

Maradhi ya kurithi

Kipimo huweza pia kuonesha ugonjwa wa von Willebrand, unaozuia damu kuganda ipasavyo. Daktari akiufahamu kabla ya upasuaji, kama vile wa kuhasi, hujiandaa kudhibiti uvujaji wa damu. Aidha, kasoro ya jeni ya SOD1 huashiria uwezekano wa kupooza miguu ya nyuma uzeeni. Kuwa nayo si uthibitisho kwamba mbwa ataugua.

Tabia na asili

Matokeo hayafai kutumiwa kumhukumu mbwa kuwa mkali au mpole. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulionesha kuwa mbari hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Malezi na mazingira yana nafasi kubwa.

Vilevile, si kila mbwa asiye na mbari maalumu ni chotara. Utafiti wa mwaka 2009 kuhusu mbwa wa vijijini nchini Misri, Uganda na Namibia ulibaini kuwa wapo wenye asili ya Kiafrika ya tangu kale, isiyotokana na mbari za kisasa. Iwapo maabara haina kumbukumbu za mbwa hao, majibu kuhusu asili yao yanaweza kupotosha.

Hatua za kuchukua

Mfugaji anashauriwa kuwasilisha matokeo kwa daktari wa mifugo kabla ya kubadili tiba, lishe au mpango wa uzalishaji. Kipimo cha vinasaba hakichukui nafasi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kila mbwa, awe chotara au wa kienyeji, anapaswa kuipata.