Figo katika maabara: safari iliyoanza na tone la limfu

Mwaka 1907, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, Ross Harrison alichukua kipande cha tishu ya neva kutoka kiinitete cha chura, akakitia ndani ya tone la limfu juu ya kioo chembamba, kisha akakigeuza kioo, tone likabaki linaning'inia. Siku zilizofuata, kwenye hadubini, aliona nyuzi za neva zikichipua na kurefuka. Ikathibitika kwamba seli zinaweza kukua nje ya mwili.

Figo ilidai subira zaidi. Figo moja ya mtu mzima ina nefroni, yaani vichujio vya damu, zipatazo milioni 1. Miaka ya 1950, Mmarekani Clifford Grobstein alitenganisha sehemu mbili za figo changa ya kiinitete cha panya. Kila moja peke yake ilidumaa. Alipozirudisha pamoja, mirija ya figo ikaanza kujitokeza. Kumbe seli za upande mmoja huziamsha za upande wa pili.

Lakini seli za binadamu zingetoka wapi? Jibu lilitoka Kyoto, Japani. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka alitumia jeni 4 kuzirudisha seli za kawaida za panya katika hali ya seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Mwaka uliofuata akafanya vivyo hivyo kwa seli za ngozi ya binadamu.

Mwaka 2015, nchini Australia, Minoru Takasato, Melissa Little na wenzao walizilea seli shina za aina hiyo kwa kemikali zinazofuata hatua za ukuaji tumboni. Chini ya mwezi mmoja walipata tishu ya milimita chache yenye nefroni changa, mfano wa figo ya mimba ya miezi mitatu ya kwanza.

Hata hivyo, tishu hiyo haina mfumo kamili wa damu wala njia ya kutolea mkojo. Mwaka 2018 watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliipandikiza kwenye figo ya panya, na mishipa ya damu ya panya ikaingia ndani yake. Ni hatua kubwa, ila bado si figo ya kumpa mgonjwa. Kwa sasa inasaidia kuchunguza magonjwa ya kurithi na kupima madhara ya dawa.

Ndugu msomaji, kinga bado ni bora kuliko tiba. Pima shinikizo la damu na sukari mapema, maana hao ndio maadui wakubwa wa figo ulizonazo leo.