Kome, Nguo za Kuanika na Gofu: Maisha ya Mji wa St Andrews

Kati ya mji wa St Andrews na Bahari ya Kaskazini, kwenye pwani ya mashariki ya Uskoti, kuna uwanda wa mchanga uliofunikwa na majani mafupi. Jembe halina kazi hapo. Ardhi haishiki maji, upepo wa bahari haukatiki, na kinachoota ni nyasi ngumu na vichaka vya miiba. Kwa kuwa haukufaa kulimwa, uwanda huo ulibaki mahali pa mji mzima. Wakazi walichunga kondoo, walitega sungura, walianika nguo na walicheza gofu, yote katika eneo moja na mara nyingi kwa siku moja.

Gofu ilikuwa imeshika mizizi Uskoti kabla ya mwaka 1457, kwa maana mwaka huo Bunge la Mfalme James II liliipiga marufuku pamoja na mpira wa miguu. Vita na Uingereza vilikuwa karibu, na wanaume walitakiwa kutumia muda wao kujifunza kupiga mishale. Marufuku hiyo ilirudiwa mara mbili kabla ya karne kwisha, dalili kwamba watu hawakuitii. Huko St Andrews, hati ya mwaka 1552 ya Askofu Mkuu John Hamilton, iliyohusu ufugaji wa sungura uwandani, ilitambua pia haki ya wenyeji kucheza gofu na michezo mingine hapo. Hati hiyo haikuwapa wenyeji haki mpya. Ilithibitisha desturi iliyokuwapo, na wazao wao waliishikilia kwa nguvu kwa muda wa karne nne na nusu.

Mwaka 1754 waungwana 22 waliunda chama cha wachezaji, ambacho mwaka 1834 Mfalme William IV alikipa jina la Royal and Ancient. Miaka kumi baada ya kuundwa, chama hicho kilifanya uamuzi uliogusa viwanja vya dunia nzima. Wachezaji wa St Andrews walikuwa wakienda hadi mwisho wa uwanda, kisha wakirudi kwa mashimo yale yale, jumla mashimo 22 kwa mzunguko. Mwaka 1764 mashimo manne ya mwanzo, yaliyokuwa mafupi mno, yaliunganishwa yakawa mawili. Kwenda kukawa mashimo tisa na kurudi tisa. Hapo ndipo ilipoanzia 18, hesabu inayofuatwa hata Nairobi.

Waungwana walikuja uwandani wakikuta wenzao wameshatangulia, na wengi wa waliotangulia walikuwa wanawake. Kijito cha Swilcan, kinachokatiza uwanja karibu na shimo la kwanza, kilikuwa mahali pa kufulia. Wanawake walikuja na mabeseni yao, wakafua, kisha wakatandaza mashuka juu ya majani ili jua na upepo viyafanye meupe. Mpira ukiangukia kwenye shuka, nani ampishe mwenzake? Kanuni za katikati ya karne ya 19 zilitoa jibu: nguo iliruhusiwa kuvutwa kutoka chini ya mpira, na beseni lililo karibu na mpira kuondolewa. Kanuni hiyo ni ushahidi mzuri kuliko picha yoyote ya waungwana waliovaa makoti mekundu. Kama kufua uwandani kungekuwa kosa, wafuaji wangefukuzwa, na wala isingehitajika kanuni.

Upande wa mashariki wa mji, karibu na kanisa kuu lililobomoka na juu kidogo ya bandari, walikaa wavuvi. Kazi yao ilikuwa kazi ya nyumba nzima. Mwanamume alikwenda baharini na dhulumati, kamba ndefu yenye ndoana nyingi, na kila ndoana ilihitaji chambo. Chambo chenyewe kilikuwa kome, waliokusanywa kwenye mlango wa mto Eden. Mke na watoto ndio waliobandua kome, wakawatia kwenye ndoana moja moja na kuipanga kamba ili isijifunge wakati wa kutupwa. Samaki walipofika, wanawake waliwatia kwenye vikapu vya mgongoni na kwenda kuwauza. Bahari ilipochafuka au samaki walipoadimika, mvuvi alipanda uwandani kubeba fimbo za wachezaji kwa shilingi chache. Hivyo ndivyo kazi ya kedi ilivyoingia katika nyumba za wavuvi. Mtoto aliyezoea kumfuata baba yake uwandani aliujua kila mwinuko kabla hajaishika fimbo, na jioni, waungwana wakiisha kuondoka, alibaki na wenzake wakipiga mipira mikuukuu.

Kwa wanawake wa pwani hiyo, gofu haikuwa ngeni kabisa. Katika mji wa Musselburgh, karibu na Edinburgh, chama cha gofu kilitangaza zawadi ya kikapu kipya cha samaki na shali kwa mwuza samaki mwanamke atakayewashinda wenzake kwenye mashindano ya mwaka mpya wa 1811.

Haki ya wenyeji wa St Andrews ilikaribia kupotea kwa sababu ya madeni. Mji ulikuwa umedhoofika tangu kanisa kuu lilipoachwa, na hazina ya baraza ilikuwa tupu. Mwaka 1797 baraza liliuza uwanda. Baada ya muda mfupi ardhi ilifika mikononi mwa wafanyabiashara wa ukoo wa Dempster, waliofuga sungura kwa ajili ya nyama na ngozi. Sungura walichimba mashimo kila mahali, na wachezaji wakaenda mahakamani. Kesi ilipanda hadi Bunge la Mabwana mjini London. Wakati mawakili wakibishana, wenyeji na watu wa mfugaji walikuwa wakigombana uwandani kwenyewe, hawa wakiua sungura, wale wakiwalinda. Ugomvi ulikwisha mwaka 1821 pale James Cheape, mwenye shamba la jirani la Strathtyrum na mpenzi wa gofu, alipoinunua ardhi hiyo.

Mwaka huo huo wa 1821, katika mtaa wa North Street, alizaliwa Tom Morris, mtoto wa mfumaji nguo. Katika ujana wake alipelekwa kujifunza kazi kwa Allan Robertson, fundi wa mipira aliyehesabiwa kuwa mchezaji bora wa zama zake. Karakana ya Robertson ilikuwa jikoni mwa nyumba yake. Mpira wa siku hizo ulitengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe dume iliyolowekwa kwenye maji ya shabu, ikakatwa vipande na kushonwa, ukaachwa mwanya mdogo. Manyoya ya bata bukini yaliyochemshwa, ya kujaza kofia ndefu nzima, yalisindiliwa ndani kwa kijiti cha chuma ambacho fundi alikisukuma kwa kifua. Kisha mwanya ulifungwa. Kadiri mpira ulivyokauka, ngozi ilinywea huku manyoya yakitanuka, ukawa mgumu kama kokwa. Fundi hodari alimaliza mipira mitatu au minne kwa siku. Mpira uliolowa mvua ulipasuka, na bei yake ilimzuia maskini asicheze kwa mipira mipya.

Takriban mwaka 1848 uliingia mpira wa gutapacha, utomvu wa miti ya Malaya unaolainika kwenye maji ya moto na kufinyangwa kwa mkono. Ulikuwa rahisi, haukudhurika kwa mvua, na ukivunjika uliyeyushwa ukafinyangwa upya. Robertson aliuona kuwa hatari kwa riziki yake. Inasimuliwa kwamba siku moja Morris aliishiwa mipira ya manyoya akiwa uwanjani, akaazima wa gutapacha, na bwana wake akamwona. Waliachana. Mwaka 1851 Morris alihamia Prestwick, pwani ya magharibi, akiwa na mkewe Nancy na mtoto mchanga aliyeitwa Tom kama baba yake. Kaka wa mtoto huyo, mwenye jina hilo hilo, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia akiwa na miaka minne.

Huko Prestwick ndiko mashindano ya Open yalipoanzia mwaka 1860, kwa wachezaji wanane tu. Willie Park wa Musselburgh alishinda. Morris akashinda 1861, 1862, 1864 na 1867. Lakini mshahara wa kweli wa nyumba yake ulitoka kwenye kutunza kiwanja na kuuza mipira na fimbo. Mwaka 1864 chama cha St Andrews kilimwita arudi nyumbani kwa pauni 50 kwa mwaka, pamoja na pauni 20 za matengenezo, kikamkabidhi toroli, sepetu na koleo. Kwa vifaa hivyo alifanya kazi ambayo bado inaonekana. Alimwaga mchanga juu ya majani, akagundua kuwa majani hustawi zaidi kwa kufanyiwa hivyo, na watunzaji wa viwanja duniani wanamfuata hadi leo. Alisimamia pia desturi ya kutocheza Jumapili, akisema uwanja wenyewe unahitaji kupumzika hata kama wachezaji hawahitaji.

Nyumba ya Morris ilikuwa ya kazi kama nyumba nyingine za mji huo. Binti, Lizzie, aliolewa na James Hunter, aliyetajirika kwa biashara ya mbao Marekani. Mwana mmoja, James, aliyeitwa Jof, alicheza kwa kulipwa. John alizaliwa na ulemavu wa miguu, akawa anajisogeza kwa kigari cha magurudumu na kufanya kazi katika duka la baba yake. Tommy, yule mtoto mchanga wa mwaka 1851, ndiye aliyewapita wote. Alishinda Open mwaka 1868 akiwa na umri wa miaka 17, akarudia 1869 na 1870, na kwa kushinda mara tatu mfululizo alipewa mkanda wa ubingwa uwe wake moja kwa moja. Mwaka 1871 mashindano hayakufanyika, kwa kuwa hapakuwa na cha kushindania. Yaliporudi mwaka 1872, Tommy alishinda tena.

Mwaka 1874 Tommy alimwoa Margaret Drinnen, binti wa familia ya wachimba makaa ya mawe kutoka Whitburn, aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani Edinburgh. Septemba 1875, baba na mwana walikuwa North Berwick wakicheza dhidi ya Willie na Mungo Park, ndipo simu ya maandishi ikafika: Margaret alikuwa katika uchungu na hali yake ilikuwa mbaya. Kwa kuwa treni ingechelewa, rafiki mmoja aliwapa jahazi lake, wakavuka ghuba ya Forth. Margaret na mtoto walifariki. Tommy mwenyewe alikufa siku ya Krismasi mwaka huo, akiwa na miaka 24. Sanamu iliyo juu ya kaburi lake, katika uwanja wa kanisa kuu, ilijengwa kwa michango ya vyama 60 vya gofu. Mama yake alifuata mwaka 1876. Mzee Tom aliishi hadi 1908, akiwa ameshawazika watoto wake wote.

Kisa cha akina Morris kinajulikana kwa sababu ya umaarufu wao, lakini kujifungua kuliua wanawake wengi wa tabaka lao. Wala ubingwa haukuwa kinga ya umaskini. Tom Kidd, kedi wa St Andrews, alishinda Open ya kwanza iliyofanyika mjini kwake, mwaka 1873, akapewa pauni 11. Jamie Anderson, ambaye baba yake alikuwa kedi na muuza soda ya tangawizi uwanjani, alishinda mara tatu mfululizo, 1877 hadi 1879. Alifia kwenye nyumba ya maskini mwaka 1905. Nje ya uwanja waungwana walipokea heshima ya chama chao, ilhali wachezaji wa kulipwa waliingia kwa mlango wa kazi.

Riziki iliyotulia zaidi ilikuwa ya mafundi wa fimbo. Robert Forgan alirithi karakana ya mjomba wake, Hugh Philp, mwaka 1856, akaipanua ikawa kiwanda kilichotumia mti wa hikori kutoka Marekani na kuuza fimbo nchi nyingi. Willie Auchterlonie alishinda Open ya 1893 kisha akafungua duka la fimbo lililorithiwa na mwanawe. Wengine walihama. Marekani ilikuwa ikijenga viwanja haraka na haikuwa na walimu. Fred Herd wa St Andrews alishinda US Open ya 1898, na Laurie Auchterlonie, nduguye Willie, akaishinda ya 1902. Mwaka huo huo wa 1902, Sandy Herd, nduguye Fred, aliyewahi kufanya kazi ya kupiga lipu, alishinda Open akitumia mpira mpya wa raba, na biashara ya gutapacha ikaisha.

Wanawake walipata chama chao mwaka 1867, lakini kwa mpaka: walitengewa sehemu ya vilima vidogo ya kupiga mpira wa karibu tu, kwa hoja kwamba kunyanyua fimbo juu ya bega hakukuwafaa. Chama hicho kipo hadi leo. Royal and Ancient yenyewe haikupiga kura ya kupokea wanachama wanawake hadi Septemba 2014, miaka 260 baada ya kuanzishwa. Ni muda mrefu mno kwa mji ambao uwanja wake ulikuwa pia mahali pa kufulia.

Suala la ardhi lilimalizwa kwa sheria. Mwaka 1894 Bunge liliuweka uwanda chini ya baraza la mji, na Royal and Ancient ikapewa kazi ya kutunza kiwanja. Watalii walikuwa wameongezeka tangu reli ilipofika mwaka 1852, hivyo kiwanja cha pili kikafunguliwa 1895, na vingine vikafuata. Serikali za mitaa zilipopangwa upya, sheria nyingine ya mwaka 1974 ilianzisha bodi ya wadhamini inayosimamia viwanja kwa niaba ya umma. Leo mji una wakazi wapatao 17,000. Mkazi hulipa ada ya mwaka iliyo ndogo ikilinganishwa na malipo ya mgeni kwa mzunguko mmoja. Wageni wengi huingia kwenye kura ya kila siku kupata nafasi katika kiwanja kikongwe. Barabara ya umma bado inakatiza njia za shimo la kwanza na la kumi na nane, na mpita njia ana haki ya kuitumia. Isipokuwa wakati wa mashindano makubwa, kiwanja hufungwa kwa gofu siku ya Jumapili, na wenyeji hukitumia kwa matembezi na watoto na mbwa wao.