Ndemo na safari ya kufungua takwimu za umma

JINA la Dkt Bitange Ndemo limefungamana na siku moja katika historia ya utawala nchini Kenya: Julai 8, 2011. Siku hiyo, katika jumba la KICC jijini Nairobi, Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti iliyoweka takwimu za serikali mbele ya mwananchi yeyote, bila malipo wala kibali. Kenya ikawa miongoni mwa mataifa ya kwanza barani Afrika kuchukua hatua hiyo. Aliyeisukuma kazi hiyo hadi ikatimia ni Ndemo, wakati huo Katibu wa Kudumu katika Wizara ya Habari na Mawasiliano.

Ndemo si mwanasayansi wa kompyuta kwa taaluma. Alisomea masuala ya fedha katika jimbo la Minnesota, Marekani, kisha akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza. Alikuwa mhadhiri wa biashara katika Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kuteuliwa Katibu mwaka wa 2005, wadhifa alioushikilia hadi 2013.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kuleta mawasiliano yenye kasi. Kenya ilikuwa ikitegemea setilaiti, ambazo gharama yake ilikuwa ya juu mno. Juni 2009, mkongo wa TEAMS kutoka Fujairah, katika Milki za Kiarabu, ulifika Mombasa kupitia chini ya bahari. Serikali nayo ilikuwa ikitandaza nyaya za faiba kuelekea makao makuu ya wilaya. Njia ikawa imepatikana. Likabaki swali la nini kipitishwe humo kwa manufaa ya umma.

Jibu lilikuwa limeanza kujitokeza ng'ambo. Marekani ilifungua tovuti ya takwimu za serikali Mei 2009, na Uingereza ikafuata Januari 2010, ikiongozwa na wanasayansi wawili wa kompyuta: Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa Wavuti, na Nigel Shadbolt. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: takwimu zilizokusanywa kwa kodi ya raia ni mali ya raia, nazo zinapaswa kutolewa katika umbo ambalo kompyuta inaweza kulisoma na kulichambua.

Nchini Kenya, hoja hiyo iligongana na desturi. Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka wa 1968 ilikuwa imewazoesha watumishi wa umma kuona kila faili kuwa siri. Hata hivyo, Katiba iliyoidhinishwa Agosti 2010 ilitamka katika Kifungu cha 35 kwamba kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Ndemo, akishirikiana na Bodi ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano pamoja na Benki ya Dunia, aliitumia nafasi hiyo. Hata baada ya uzinduzi, alilalamika hadharani kwamba wizara nyingi zilikuwa zikisitasita kutoa takwimu zao.

Tovuti hiyo ilianza na matokeo ya sensa ya 2009, matumizi ya fedha za serikali, na orodha za shule na vituo vya afya. Kwa mkazi wa Meru au Embu, haya hayakuwa mambo ya wataalamu pekee. Sensa hiyo ilihesabu watu 1,356,301 katika eneo la Kaunti ya Meru na 516,212 katika Embu. Mfumo wa kwanza wa kugawa fedha kwa kaunti, zilizoanza kazi 2013, uliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45, nao umaskini asilimia 20. Kwa hivyo barabara ya Maua, zahanati ya Mbeere na mshahara wa muuguzi vilitegemea kwa sehemu kubwa hesabu hizo. Asiyeziona hana namna ya kuuliza iwapo mgao ni wa haki.

Lakini kabati lililofunguliwa huhitaji kujazwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 Meru na 608,599 Embu. Anayepanga kwa hesabu za zamani huwasahau maelfu. Baada ya msisimko wa mwanzo, kasi ya kuongeza takwimu mpya katika tovuti ilipungua. Hapo ndipo udhaifu wa juhudi inayotegemea ari ya ofisa mmoja ulipodhihirika.

Nguzo iliyo imara zaidi ni Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016. Chini yake, raia anaweza kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi ya umma inatakiwa kujibu katika muda wa siku 21, au saa 48 ikiwa habari hizo zinahusu uhai au uhuru wa mtu. Asiyeweza kuandika husaidiwa na ofisa kuliandika ombi lake. Ombi lenyewe halilipiwi, na anayekataliwa anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Ndemo alirejea chuoni 2013. Mwaka wa 2017 alichapisha, pamoja na Tim Weiss, kitabu kuhusu ujasiriamali wa kidijitali nchini Kenya, na 2018 akaongoza jopo la serikali kuhusu akili bandia. Baadaye aliiwakilisha nchi kama balozi mjini Brussels. Mlango alioufungua 2011 sasa una sheria ya kuulinda. Kuupitia ni juu ya wananchi, kuanzia kwa barua moja inayopelekwa katika ofisi ya kaunti, iwe Meru au Embu.