Mtu wa Kukumbuka, Mtu wa Kutazama

Mwanafunzi wa sanaa hapa Mbeya akianza kujifunza kumchora mtu, mara nyingi anaanza na mwenzake wa darasani. Mmoja anapanda juu ya meza na kusimama, wengine wanatoa penseli. Havui nguo, wala hakuna anayetarajia avue. Baada ya dakika kumi anachoka na kushuka, na mchoro unamaliziwa kwa kubuni.

Zoezi hilo lina historia ya karibu miaka tisini katika Afrika Mashariki, na ndani yake umo uamuzi mmoja ambao, kwa maoni yangu, hatujawahi kuujadili vya kutosha.

Aliyeufanya ni Margaret Trowell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1904. Alisomea Slade, shule ya sanaa ya London, enzi za Henry Tonks. Tonks alikuwa daktari wa upasuaji kabla hajawa mwalimu wa kuchora, na kwake mwili ulianzia kwenye mfupa. Wanafunzi wake walichora watu walio mbele ya macho yao, saa baada ya saa, mpaka mkono ujue bega limeshikwa na nini na goti linakunjika wapi. Baadaye Trowell akakutana na mwalimu mwingine, Marion Richardson, aliyefundisha kwa njia tofauti kabisa. Richardson aliwaambia wanafunzi wafumbe macho, akawasimulia mandhari kwa maneno, kisha wakachora walichokiona vichwani mwao.

Mwaka 1937 Trowell alianza kufundisha uchoraji kwenye baraza ya nyumba yake Mulago, Kampala. Ndipo ilipochipukia shule ya sanaa ya Makerere, ambayo leo ina jina lake. Kati ya njia mbili alizokuwa nazo mkononi, alichagua ya Richardson. Aliwasomea wanafunzi hadithi, akawaeleza habari za soko, mavuno na Biblia, nao wakachora kwa kukumbuka. Aliogopa kwamba mazoezi ya Ulaya yangewaharibia jicho lao na kuwafanya waigaji. Wakati huohuo, katika hospitali ya palepale Mulago, wanafunzi wa udaktari wa Makerere walikuwa wakijifunza mifupa na misuli. Hospitali na baraza vilikuwa majirani, lakini somo la mwili lilibaki upande mmoja.

Namheshimu Trowell. Bila yeye pengine shule ile isingekuwapo, na nia yake ilikuwa njema. Lakini aliyekwisha shiba ndiye aliyeamua kwamba chakula kile hakiwafai wengine. Yeye mifupa alikuwa nayo tayari. Wanafunzi wake hawakuulizwa.

Jibu moja lilitoka kwa Sam Ntiro, Mchaga wa Machame aliyezaliwa mwaka 1923, aliyesoma na kisha kufundisha Makerere. Mwaka 1952 alikwenda Slade ileile, akakaa hadi 1955. Shule wakati huo iliongozwa na William Coldstream, mchoraji aliyepima mwili kwa penseli iliyonyooshwa mbele ya jicho, akaacha alama ndogondogo za vipimo kwenye picha zenyewe. Ungetarajia Ntiro arudi na misuli na vivuli. Hakurudi navyo. Mwaka 1956 alichora wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, picha ambayo leo inahifadhiwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Watu wake ni wadogo na wa umbo rahisi. Kilichomshughulisha ni watu wanaofanya jambo kwa pamoja, wala si mtu mmoja na mbavu zake. Tofauti ni kwamba safari hii uamuzi ulikuwa wake: alikiona chakula, akachagua.

Trowell alipostaafu mwaka 1958, Cecil Todd alishika nafasi yake na kuweka mkazo zaidi kwenye kutazama na kwenye historia ya sanaa ya dunia. Miaka hiyohiyo Elimo Njau wa Marangu, aliyesomea Makerere, alichora kwenye kuta za kanisa la Murang'a maisha ya Yesu akiwa Mwafrika katika nchi ya Wakikuyu. Njia zote mbili zilifika kwetu pamoja na walimu, maana Ntiro na Elias Jengo, naye wa Makerere, walifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kumchora mtu kwa kukumbuka hakukuletwa na Mwingereza. Nje kidogo ya mji wa Iringa, kwenye mwamba wa Igeleke, wapo watu waliochorwa kwa rangi nyekundu pamoja na wanyama. Sidhani kama kuna mtu aliyesimama mbele ya mwamba ule ili achorwe. Mchoraji alikuwa amewatazama watu maisha yake yote, kisha akaenda mwambani akiwa nao kichwani.

Hapo ndipo naona kosa la kuzitenganisha njia hizi. Huko Paris katika karne ya 19, Horace Lecoq de Boisbaudran, aliyemfundisha mchongaji Rodin, aliwazoeza wanafunzi kukitazama kitu kwa makini kabla ya kukichora bila kukiangalia. Kumbukumbu ilijengwa juu ya jicho.

Nguo nazo hazizuii lolote. Mtazame mama aliyesimama sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, na mkungu wa ndizi kichwani. Shusha timazi kutoka kwenye shimo la koo lake: uzi unaangukia karibu na kifundo cha mguu uliobeba uzito. Nyonga ya upande huo imepanda. Angekuwa hana mzigo, bega la upande huohuo lingeshuka kidogo, lakini mkungu unamlazimisha kusawazisha mabega, kwa hiyo kazi yote ya kujipinda inafanywa na kiuno. Kanga inaonyesha haya yote: imekazwa kwenye nyonga iliyopanda, na mikunjo yake inakimbilia goti la mguu uliolegea. Aliyeliona hilo mara moja hawezi tena kumchora mbeba mzigo kama mti uliosimikwa.

Darasa la namna hiyo linawezekana hapahapa, bila sanamu za plasta. Linahitaji karatasi, mkaa, timazi ya fundi mwashi, na mama au mzee anayelipwa kwa saa zake ili asimame au akae nusu saa bila kuharakishwa. Nusu saa ikiisha, wanafunzi wageukie ukuta na kumchora upya bila kumtazama. Kisha michoro miwili ya kila mmoja ibandikwe ubavu kwa ubavu, mwalimu apite na timazi akiwauliza uzito umeangukia mguu upi.