Pauni 10,000 kwa Mwaka: Riwaya ya Mapenzi Inayojua Kuhesabu

Novemba 1797, kasisi wa kijiji cha Steventon, kusini mwa Uingereza, alimwandikia barua mchapishaji Thomas Cadell wa London. Alisema anao mswada wa riwaya, majuzuu matatu, na akauliza itagharimu kiasi gani kuuchapa endapo mwandishi atajilipia. Jibu la kukataa lilirudi kwa posta iliyofuata. Mswada wenyewe Cadell hakuuona hata ukurasa.

Kasisi huyo ni George Austen, na mwandishi ambaye hakumtaja jina ni binti yake Jane, mwenye miaka 21. Wachambuzi wengi wanaamini mswada uliokataliwa ni ule ulioitwa First Impressions. Miaka 15 baadaye, ukiwa umeandikwa upya, ulitoka tarehe 28 Januari 1813 kwa jina la Pride and Prejudice, na tangu hapo haujaacha kusomwa. Ukiwauliza wasomaji sababu, wengi watakutajia mapenzi ya Elizabeth Bennet na Bwana Darcy. Mimi nitataja pesa.

Darcy hajamaliza dakika tano katika ukumbi wa dansi, tayari ukumbi mzima umeshajua kwamba ana pauni 10,000 kwa mwaka. Baba yake Elizabeth ana 2,000, mabinti watano na hana mtoto wa kiume. Nyumba yao ya Longbourn na shamba lake vimefungwa kisheria virithiwe na wanaume peke yao, kwa hiyo siku mzee akifumba macho, kila kitu kitakwenda kwa jamaa wa mbali, kasisi Collins. Msomaji wa Pwani aliyezoea mirathi ya Kiislamu, ambamo mabinti wasio na kaka hugawana theluthi mbili, ana haki ya kushangaa. Atashangaa zaidi akijua kwamba kule bibi harusi ndiye aliyetarajiwa kwenda na fungu kwa mume, na kwamba mali yake ikishaingia ndoani kwa kawaida ilikuwa ya mume. Bunge lilianza kulegeza sheria hiyo mwaka 1870, kisha 1882, Austen akiwa kaburini miongo mingi.

Ndiyo maana Mama Bennet hatulii. Wasomaji humcheka, na Austen mwenyewe anatupa kila sababu ya kumcheka, lakini ukiondoa kelele zake utakuta ndiye peke yake nyumbani anayewaza mabinti hao watalala wapi baba yao akifa.

Basi Collins anapokuja kuposa, Elizabeth anapomkataa anaikataa na nyumba aliyozaliwa. Siku tatu hazijapita, Collins ameshamgeukia rafiki wa Elizabeth, Charlotte Lucas, mwenye miaka 27, naye anakubali bila kujidanganya kwamba anampenda. Tunapomtembelea baadaye tunamkuta amechagua kukaa chumba cha nyuma, kisichopendeza sana, kwa sababu mumewe hushinda chumba cha mbele akitazama barabara. Tena Charlotte humhimiza sana mumewe akalime bustani. Austen hamhukumu. Ndoa nzima imo ndani ya mpangilio ule wa vyumba.

Austen mwenyewe aliijua njia panda hiyo. Desemba 1802, akikaribia kutimiza miaka hiyohiyo 27, aliposwa na Harris Bigg-Wither, kijana wa miaka 21, mrithi wa jumba la Manydown. Jioni alikubali, asubuhi akaenda kumwambia amebadili nia. Baba yake alipofariki mwaka 1805, Jane, mama yake na dada yake Cassandra walibaki wakitegemea michango ya kaka zao, mpaka Edward, aliyelelewa na jamaa matajiri na kurithi mali yao, alipowapa nyumba ndogo kijijini Chawton mwaka 1809. Humo ndimo riwaya ilimokamilika.

Sheria inaingia hata pale hadithi inapoonekana kuwa ya utoro tu. Kwa sheria ya 1753, kijana aliye chini ya miaka 21 hakuweza kufunga ndoa Uingereza kwa leseni bila ridhaa ya mzazi, ila Uskoti sheria hiyo haikufika. Wapenzi wakawa wanakimbilia Gretna Green, mara tu ukivuka mpaka. Lydia, mdogo wa Elizabeth, ana miaka 16 anapotoroka na ofisa Wickham akiamini wanakwenda huko. Wickham hana mpango huo. Wanaishia kujificha London. Anayeiokoa familia na aibu ni Darcy, tena kwa siri: analipa madeni ya Wickham, zaidi ya pauni 1,000, anamwekea Lydia 1,000 nyingine, anamnunulia bwana harusi cheo jeshini. Tendo kubwa la mapenzi katika kitabu kizima ni kulipa deni la mtu anayemchukia.

Mwandishi mwenyewe aliambulia pauni 110. Alitaka 150, lakini mchapishaji Thomas Egerton alinunua haki zote kwa bei hiyo, akachapa toleo la pili mwaka huohuo wa 1813, na Jane hakuongezewa chochote. Jina lake halikuwa kwenye jalada. Kaka yake Henry alilitangaza baada ya kifo chake cha Julai 1817.

Si wote waliovutiwa. Mwandishi Charlotte Brontë, katika barua ya mwaka 1848 kwa mhakiki G. H. Lewes, alilalamika kwamba kitabu hicho hakina hewa, kila kitu kimepangwa na kuzungushiwa ua. Yeye alitaka mapenzi yenye moto. Lakini mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa riwaya yake Jane Eyre, na humo mwalimu wa nyumbani asiye na kitu hamrudii tajiri Rochester mpaka arithi pauni 20,000 kutoka kwa ami yake, akazigawa sawa na binamu zake watatu. Kwa mara ya kwanza anaingia kwa Rochester akiwa na zake 5,000, naye analitaja jambo hilo mapema kabisa katika mazungumzo yao.