Kwa nini maji ya kasi huonekana kama pamba pichani

Huenda umewahi kuiona picha ya aina hii kwenye kalenda au kwenye simu ya mwenzako: mawe yametulia, majani yanaonekana vizuri, lakini maji yanayopita katikati ni meupe na laini kama pamba iliyochambuliwa. Hayo ni maji ya kawaida ya kijito kinachokwenda kasi. Hapa tunaeleza picha hiyo inapatikanaje, namna ya kuipiga kwa simu, na kwa nini haifai kutumwa mto unapofurika.

Siri ni muda

Kamera hupokea mwanga kwa muda fulani, kisha hufunga. Penye jua kali, simu hupokea mwanga kwa muda mfupi sana, kwa mfano sehemu moja ya 500 ya sekunde, yaani 1/500. Chukua maji yanayokwenda mita 2 kwa sekunde. Katika muda huo tone husogea milimita 4 tu, kwa hiyo pichani linaonekana kama limesimama. Muda ukiwa robo sekunde, tone hilohilo husogea nusu mita, na njia yake yote inabaki kwenye picha. Njia za matone mengi zikilaliana, ndiyo pamba tunayoiona. Jiwe halikusogea, kwa hiyo linaonekana wazi.

Kwa vijito vingi, muda wa kati ya 1/8 ya sekunde na sekunde 1 unatosha. Ukizidisha sana, maji hupoteza mistari yake na kuwa kama ukungu.

Mwanga ukizidi

Muda mrefu huingiza mwanga mwingi, na mchana picha hugeuka nyeupe tupu. Kamera kubwa ina tundu la lenzi linaloweza kupunguzwa. Kwenye simu nyingi tundu hilo halibadiliki. Zinabaki njia mbili.

Ya kwanza ni kuchagua wakati. Nenda kabla ya saa 2 asubuhi, baada ya saa 11 jioni, au siku ya mawingu. Vijito vya msituni, kama vile vinavyoshuka kutoka milima ya Uluguru mkoani Morogoro, vina faida ya kivuli cha miti.

Ya pili ni filta, yaani kioo kinachowekwa mbele ya lenzi. Iko filta nyeusi ya kupunguza mwanga, nayo huandikwa ND na namba. ND8 hupitisha sehemu moja ya nane ya mwanga, na ND64 sehemu moja ya 64. Kivulini, kama simu ilihitaji 1/60 ya sekunde, ukiweka ND8 itahitaji karibu 1/8. Juani, kama ilihitaji 1/500, ND64 nayo itakufikisha karibu 1/8.

Filta nyingine ni ya kuondoa mng'ao juu ya maji na mawe yaliyolowa, hata kokoto za chini zikaonekana. Nayo hupunguza mwanga kiasi. Baadhi ya miwani ya jua ina vioo vya namna hiyo. Kuijua, tazama skrini ya simu kupitia kioo chake huku ukiizungusha miwani. Kwenye simu nyingi, skrini ikiwa nyeusi ghafla, miwani hiyo inafaa. Weka kioo kimoja mbele ya lenzi na ukizungushe taratibu mpaka mng'ao upungue.

Hatua kwa hatua

1. Simu isitikisike. Iegemeze kwenye jiwe kavu, au ilaze juu ya mfuko mdogo uliojazwa mchanga.
2. Fungua kamera na utafute sehemu iliyoandikwa Pro. Shusha ISO hadi namba ndogo kabisa, mara nyingi 50 au 100. Kwenye herufi S, ambayo ni muda, chagua 1/4.
3. Washa kipima muda cha sekunde 2 au 3, ili kidole chako kisiitikise simu.
4. Tazama picha. Ikiwa nyeupe mno, punguza muda au ongeza filta. Ikiwa maji bado yana matone matone, ongeza muda.

Kwenye iPhone, piga picha ukiwa umewasha Live, kisha ifungue uchague Long Exposure. Uwezo huo ulikuja na iOS 11 mwaka 2017.

Picha hii huficha kasi

Muda mrefu hufuta mawimbi, povu na vijiti vinavyosombwa. Maji yanayoweza kumwangusha mtu huonekana yametulia. Jirani akiiona picha hiyo anaweza kudhani kivuko kinapitika. Tena, giza likianza kuingia, simu nyingi hurefusha muda zenyewe bila kuulizwa, na maji yakalainika pichani wewe hujui.

Idara ya hali ya hewa ya Marekani inaeleza kwamba maji ya mafuriko yenye kina cha sentimita 15 tu, yakiwa na kasi, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kusomba magari mengi madogo. Kwa hiyo unapotaka kuwaonya wenzako, piga video, au chagua muda mfupi kama 1/500. Hakikisha inaonekana nguzo au ukingo wa daraja ambao watu wanaujua, ili waone maji yamefika wapi.

Na wewe mpiga picha, usiingie majini. Mvua inaweza kunyesha mlimani huku kwako jua linawaka. Maji yakibadilika ghafla kuwa ya tope, yakianza kuleta majani na vijiti, au ukisikia mngurumo kutoka juu, panda mahali pa juu mara moja, hata kama simu bado iko kwenye jiwe.

Ukituma picha ya mto kwa majirani, andika mahali, tarehe na saa uliyoipiga. Kama ni ya muda mrefu, sema hivyo, ili mtu asiitumie kuamua kuvuka.