Fishi iliyoungua kwenye pikipiki: chanzo chake na namna ya kuibadilisha

Taa ya mbele inazimika na kurudi kila pikipiki ikiruka shimo, klaksoni inalia kwa shida, na asubuhi bateri haina nguvu. Wamotari wengi wa Goma, Bukavu, Butembo ama Bunia wanazijua dalili hizo. Wengi wanakimbilia kununua bateri mpya, na baada ya wiki chache shida inarudi ile ile. Mara nyingi ugonjwa hauko ndani ya bateri. Uko ndani ya fishi, kile kiunganishi cha plastiki kinachokutanisha nyaya, ambacho kimeungua pole pole bila mtu kukiona.

Fishi gani inaungua

Kwenye pikipiki za zamani zinazofanya kazi ya teksi, fishi ya kuangalia kwanza ni ile inayounganisha alternateri na regilateri. Regilateri njo kifaa kinachogeuza umeme wa alternateri uweze kuchaji bateri, na kuuzuia usizidi kipimo. Fishi yake inakaa chini ya kiti ama ubavuni, nyuma ya kifuniko. Nyingine za kuangalia ni fishi ya kontakti, ya taa ya mbele, na mahali fyuzi (fizible) inapokaa.

Dalili zinaonekana kwa macho: plastiki nyeupe imegeuka kahawia, tundu moja limeyeyuka, waya umekauka na kuwa mgumu karibu na fishi. Harufu ya plastiki inayoungua ni onyo la mwisho. Hapo motari asimame, akate kontakti na kushusha abiria. Juu nyaya hizo zinapita karibu na tangi ya esanse, na wengine wanabeba pia bidon nyuma.

Kwa nini inapata joto

Ndani ya fishi kuna vichuma vidogo vinavyoitwa kosi, dume na jike. Jike linapaswa kulibana dume kwa nguvu. Mitikisiko ya barabara za mawe inalegeza mbano huo. Vumbi, matope na maji ya kuoshea pikipiki vinaleta kutu ya kijani juu ya shaba. Umeme unapata njia nyembamba, na mahali unapopita kwa shida panazaa joto.

Mfano: umeme wa ampere 6 ukipita kwenye kosi yenye ukinzani wa ohm 0,3 tu, volti 1,8 zinapotea hapo na joto la wati karibu 11 linabaki ndani ya plastiki ndogo sawa kidole gumba. Ampere zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Kwa hiyo taa za ziada, muziki na chaja ya simu vilivyofungwa ovyo vinaharakisha uharibifu.

Kosi ikishapata joto kali, chuma chake kinalegea na hakirudii nguvu ya kubana. Kuisugua kwa msasa kunaifanya ing'ae, lakini haibani tena. Inapaswa kubadilishwa, dume na jike pamoja.

Kazi yenyewe

Moteri ipoe kwanza. Waya wa masi, upande wa kutoa wa bateri, unatolewa wa kwanza, na kazi ikiisha unarudishwa wa mwisho. Kabla ya kukata kitu, picha ya simu inasaidia kukumbuka kila waya ulikuwa tundu gani, kwa sababu rangi zinatofautiana kati ya aina na aina ya pikipiki.

Waya unakatwa hadi shaba ionekane safi. Shaba nyeusi haishikani vizuri na kosi mpya. Waya ukibaki mfupi, unaongezewa kipande cha unene ule ule ama zaidi, kamwe si chembamba. Kosi pia iwe ya kipimo cha waya: kubwa kupita kiasi inateleza, ndogo inalazimisha kukata nyuzi kadhaa za shaba.

Kosi inabanwa kwa pensi ya kazi hiyo, mahali pawili: masikio ya mbele yanashika shaba, ya nyuma yanashika ganda la waya. Halafu fundi anavuta kwa mkono. Ikitoka, irudiwe. Kulehemu kwa bati hakuchukui nafasi ya mbano mzuri. Bati likipanda ndani ya waya linaufanya mgumu, na mitikisiko inaukata palepale. Mwishoni kosi inasukumwa ndani ya fishi mpya hadi isikike imejifunga.

Nyaya zifungwe mbali na bomba la moshi, zisivutwe usukani ukigeuzwa, na fishi isielekee juu kama kikombe cha kukusanya mvua.

Mambo mawili ya kukataa

La kwanza ni kutoa fishi kabisa, kusokota nyaya kwa mkono na kuzifunga skochi. Mbano ni dhaifu, na gundi ya skochi inayeyuka kwa joto. La pili ni kuweka uzi wa shaba ama karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi inakatika ili waya usiungue. Ikiondolewa, waya njo unakuwa fyuzi, chini ya kiti cha abiria.

Kupima kabla ya kurudi barabarani

Kwa pikipiki ya volti 12, multimeta inawekwa kwenye bateri, moteri ikizunguka kwa mwendo wa kati. Kipimo kizuri ni karibu volti 13,5 hadi 14,5. Kikibaki chini ya 13, bateri haichajiwi vizuri. Kikipita 15, regilateri haizuii tena na itaunguza bateri na taa.

Baada ya dakika 10 taa zikiwaka, moteri inazimwa na fishi inaguswa. Uvuguvugu si shida. Mkono ukishindwa kuishika, kazi haijaisha: labda mbano ni mbaya, labda masi ya regilateri imelegea, ama bateri imekufa na inavuta umeme mwingi muda wote. Kubadilisha fishi bila kutafuta sababu hiyo ni kununua fishi nyingine mwezi ujao.

Motari asiye na multimeta anaweza hata hivyo kufungua kifuniko mara moja kwa mwezi, na kila baada ya safari ya mvua nyingi, aangalie rangi ya plastiki. Kosi mbili zikibadilishwa mapema zinagharimu kidogo sana kuliko regilateri, bateri na siku kadhaa bila kazi.